Wote Wawili Wanabisha Hodi: Kwa Nini Laptopu Haikubali Kuwa Skrini ya Raspberry Pi

Ujumbe wa sauti wa mpwa wangu ulianza bila salamu, jambo ambalo si kawaida yake. "Mjomba, nimechomeka huku, nimechomeka na huku, kimya." Ikafuata picha. Juu ya kitanda cha bweni kulikuwa na laptopu iliyofunguliwa, pembeni yake bodi ndogo ya kijani yenye kitaa chekundu, na kati yao waya mweusi wa HDMI ulioingia barabara pande zote mbili. Laptopu ilikuwa inaonyesha picha ya timu yake kama siku zote, utadhani hakuna mgeni aliyefika.

Huo ulikuwa waya wa pili. Muuzaji alimwambia ule wa kwanza aliokuwa nao ni hafifu, achukue huu wenye ncha za rangi ya dhahabu. Sidhani yule muuzaji alikuwa na nia mbaya. Ukilitazama jambo lenyewe kwa haraka, kweli linaonekana ni la waya: laptopu ina skrini, ina tundu la HDMI, bodi nayo ina tundu la HDMI, matundu yanafanana kama mapacha. Kisipoonekana kitu, utalaumu nini kingine?

Swali hili nimeshaulizwa na wanafunzi wa mradi wa mwaka wa mwisho, na mwalimu mmoja wa sekondari, na hata fundi wa kamera za ulinzi. Wote walikuwa wamebadilisha waya kwanza. Kwa hiyo nimeona niliandike mara moja, kwa kirefu.

Tuanze na majina. Kompyuta ya bodi moja ni kompyuta kamili iliyopangwa juu ya kipande kimoja: prosesa, memori na matundu ya kuchomekea vitu, vyote hapo hapo. Haina boksi, haina kibodi, haina skrini. Inayojulikana zaidi ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Februari 2012 kutoka Cambridge, Uingereza, ikiwa na ukubwa wa kadi ya benki. Zipo pia Orange Pi, Banana Pi na ndugu zao. Wabunifu wake waliziwazia kompyuta za nyumbani za Uingereza za miaka ya 1980, kama BBC Micro, ambazo mtoto aliweza kuzichomeka kwenye runinga ya sebuleni akaanza kujifunza. Wazo zuri. Sasa jaribu kuiomba runinga ya sebuleni saa ya tamthilia.

Ya mpwa wangu ni Raspberry Pi 3, toleo la 2016, aliyoiuziwa na mhitimu mmoja aliyekuwa anafungasha virago. HDMI, kwa upande wake, ni njia ya kupitisha picha na sauti kutoka chombo kimoja kwenda kingine kwa waya mmoja. Ilianza 2002, na ndani ya kichwa cha waya kuna pini 19. Pini mbili za mwisho ndizo zenye jibu la mkasa wetu.

Unapochomeka king'amuzi kwenye runinga, picha haimwagiki tu kama maji. Kwanza kuna kubisha hodi. Chombo chenye picha, yaani king'amuzi, kinatuma umeme mdogo wa volti 5 kupitia pini ya 18. Hiyo ndiyo hodi. Runinga ikiisikia, inapandisha umeme kwenye pini ya 19, na hiyo ndiyo karibu. Baada ya hapo runinga inajitambulisha: mimi ni kioo cha nukta 1920 kwa 1080, naweza kuonyesha picha 60 kwa sekunde, sauti ninayo. King'amuzi kikishapata maelezo hayo ndipo kinapoachia picha inayolingana na kioo hicho.

Raspberry Pi ni mbisha hodi. Laptopu nayo, kwa tundu lake la HDMI, ni mbisha hodi vilevile; liliwekwa pale ili uweze kutoa picha kwenda kwenye runinga au projekta. Ukiziunganisha, huyu anasema hodi na yule anasema hodi, kila mmoja akiwa amesimama nje ya mlango wa mwenzake. Hakuna wa kusema karibu, kwa sababu hakuna aliye ndani. Waya wa dhahabu utazipeleka hodi zote mbili kwa uaminifu mkubwa, na kimya kitabaki kilekile. Bahati nzuri hakuna kinachoungua.

Wengi hapa husema, "Lakini kioo si hiki hapa mbele yangu? Kwa nini kisipokee?" Kioo cha laptopu kina mwenyewe. Nyuma yake kuna mkanda mwembamba wa nyaya unaopita kwenye bawaba na kushuka hadi kwenye bodi ya laptopu, kwenye sehemu inayotengeneza picha. Kutoka sehemu hiyohiyo kuna njia nyingine inayokwenda kwenye tundu la HDMI. Ni kama nyumba yenye tangi moja juu ya paa na mabomba mawili, moja la jikoni na moja la uani. Ukichukua mpira ukaunganisha bomba lako la uani na bomba la uani la jirani, jikoni kwako hakuna ndoo itakayojaa. Kati ya tundu la HDMI na kioo hakuna njia ya moja kwa moja, na hakuna programu ya kuipakua itakayochonga njia ambayo kiwandani haikuwekwa.

Ndiyo maana ushauri mwingi unaozunguka kwenye magrupu hauendi popote. Kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P kunachagua tu picha ya laptopu itoke vipi. Hakuigeuzi kuwa mpokeaji. Kusasisha draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, hakusaidii. Waya wa USB wa kawaida, ule wenye vichwa vipana pande zote, usiuguse kabisa, maana unaunganisha umeme wa mashine mbili ambazo zote zinatoa. Na tundu jipya la duara-bapa, USB-C, hata likiwa linaweza kutoa picha, kwenye laptopu za kawaida nalo hutoa tu.

Je, kuna laptopu inayopokea? Zipo chache mno. Baadhi ya Alienware kubwa za michezo, kama M17x na M18x, ziliwahi kuwekewa tundu la HDMI la kuingiza. iMac za kati ya 2009 na 2014 ziliweza kutumika kama skrini ya kompyuta nyingine, lakini hizo ni za mezani, na waya wake haukuwa HDMI. Kama hujui kwa hakika kwamba yako ni mojawapo, basi si mojawapo.

Baada ya kumweleza hayo mpwa wangu alinyamaza, kisha akauliza swali la maana kuliko la kwanza: "Sasa mjomba, mwenye hii bodi alikuwa anaitumiaje? Naye alikaa bweni hilihili."

Alikuwa anaitumia bila skrini. Hili ndilo watu wengi hawaambiwi wanaponunua. Pi haihitaji kioo ili ifanye kazi. Wewe ndiye unayehitaji njia ya kuisemesha. Shule zinazohifadhi maktaba ya Kolibri au Wikipedia ya Kiwix ndani ya Pi, ili wanafunzi wasome bila intaneti, huiweka juu ya kabati, wakaichomeka umeme na kuiacha. Haijawahi kuona skrini na haina shida nayo.

Njia ya kwanza ya kuisemesha ni kwa maandishi, kupitia mtandao, na inaitwa SSH. Ilibuniwa 1995 na Tatu Ylönen wa Finland ili mtu aweze kuiamrisha kompyuta iliyo mbali bila mpita njia kusikiliza. Laptopu na Pi zinakuwa kwenye Wi-Fi moja; unaandika amri kwenye laptopu, inatekelezwa ndani ya Pi, na jibu linakurudia kama maandishi. Picha haisafiri kabisa, kwa hiyo hata mtandao wa kusuasua unatosha. Ni sawa na kumpigia simu mtu aliye dukani: humwoni, lakini akikusomea kilichopo rafuni, manunuzi yanafanyika.

Ugumu ni kuku na yai. Pi isiyo na skrini utaiambiaje neno la siri la Wi-Fi? Jibu lipo kwenye kadi ya memori. Kabla ya kuiingiza kwenye Pi, unaichomeka kwenye laptopu na kuandika humo mfumo endeshi wa Pi kwa programu iitwayo Raspberry Pi Imager, ambayo ni ya bure. Kabla ya kuanza kuandika inakupa nafasi ya kubadilisha mipangilio. Watu wengi huiruka kwa haraka ya kumaliza, na hapo ndipo jioni yao inapoharibika. Usiiruke. Weka jina la kompyuta, jina lako la kuingilia, neno la siri, jina la Wi-Fi na neno lake la siri, nchi uliyopo, kisha ruhusu SSH, ambayo huwa imefungwa mpaka uifungue. Na kama umesoma mwongozo wa zamani unaosema uingie kwa jina "pi" na neno la siri "raspberry", uachane nao. Tangu 2022 mfumo hauji tena na akaunti hiyo, ni lazima utengeneze yako.

Nilimpitisha mpwa wangu kwa simu, hatua kwa hatua. Kadi ikaingia, umeme ukawashwa, kitaa cha kijani kikaanza kupepesa, maana yake kadi inasomwa. Tukasubiri dakika kadhaa, kwa kuwa mara ya kwanza mfumo hujipanga na kujiwasha upya. Kwenye laptopu akafungua dirisha la amri (Windows 10 na 11 zina SSH ndani yake, hakuna cha kupakua) akaandika neno ssh, nafasi, jina lake, alama ya @, halafu raspberrypi.local, ambalo ni jina la Pi yake kwenye mtandao. Jibu: haijulikani.

Nikamwambia afungue hotspoti ya simu yake atazame vifaa vilivyoungwa. Kilikuwemo kimoja tu, laptopu. Pi haikuwa imeingia kabisa. Ilituchukua karibu nusu saa kugundua kwamba hotspoti yake ilikuwa imewekwa kwenye masafa ya gigahezi 5. Raspberry Pi 3 ya kwanza inasikia gigahezi 2.4 peke yake. Kwake, Wi-Fi ya 5 haipo, kama vile redio isiyo na FM isivyoweza kujua kwamba kuna stesheni huko. Pi 4 na 5 zinasikia zote mbili. Akabadilisha mpangilio kwenye simu, akazima na kuwasha Pi, na vifaa vikawa viwili.

Akajaribu tena. Mara hii likaja swali kama anaiamini kompyuta hii ambayo haijawahi kuiona. Hilo huulizwa mara ya kwanza, unaandika yes. Kisha likaombwa neno la siri, akaanza kulalamika tena. "Kibodi imegoma, mjomba. Nabonyeza hakiandikwi kitu." Kibodi haikugoma. SSH haionyeshi herufi za neno la siri wala vinyota, ili aliye nyuma ya bega lako asijue hata lina herufi ngapi. Andika, bonyeza Enter, basi. Akafanya hivyo, na mstari wa kijani ukatokea wenye jina lake, @ na raspberrypi. Alipiga kelele nikasikia mwenzake wa chumba akiuliza kuna nini.

Ukiwa huna Wi-Fi kabisa, waya wa mtandao unaweza kutoka kwenye Pi 3 moja kwa moja hadi kwenye laptopu, kisha laptopu ikaruhusiwa kushiriki intaneti yake kwenye tundu hilo. Yenyewe itaipa Pi anwani. Pi Zero na Pi 4 zinaweza hata kupangwa zitumie waya wa USB kama waya wa mtandao, ila hilo lina mipangilio yake na si la siku ya kwanza.

Wapo wasiotaka maandishi. Wanataka kuona madirisha, aikoni na kishale kikitembea, na hawana kosa. Hao njia yao ni VNC. Pi inachora sura ya skrini yake ndani ya memori, kisha inaituma kwa mtandao sehemu zinazobadilika, na laptopu inazionyesha ndani ya dirisha. Mausi na kibodi yako vinarudi kwa njia hiyohiyo. VNC nayo ilizaliwa Cambridge, kwenye maabara moja ya utafiti miaka ya 1990, kwa hiyo ni mtoto wa mtaa mmoja na Pi. Unaiwasha kwenye mipangilio ya Pi, unaweka programu ya kutazamia kwenye laptopu. Kama dirisha linakuja dogo au jeusi, ni kwa sababu Pi haijaona skrini yoyote iliyochomekwa na haijui ichore kwa ukubwa gani. Ndani ya raspi-config, programu ya mipangilio iliyomo kwenye Pi, unaichagulia. Tangu 2024 kuna pia Raspberry Pi Connect, inayofanya kazi ndani ya kivinjari, ila hiyo inataka akaunti na intaneti. Kwa Pi 3 yenye memori ya gigabaiti 1 tarajia mwendo wa pole, na usijaribu kutazama video humo. Utaona picha moja moja kama albamu ya harusi.

Kuna kifaa ambacho kweli kinamsikiliza mbisha hodi. Kinauzwa kama kinasa picha cha HDMI: kijipande kama flashi, upande mmoja tundu la HDMI, upande wa pili USB. Chenyewe kinajifanya runinga na kusema karibu, kinapokea picha, kisha kinaigeuza na kuipa laptopu kwa njia ambayo laptopu inaielewa tangu zamani: kamera. Unafungua programu ya video kama OBS au VLC, unachagua kamera hiyo, na Pi inaonekana tangu sekunde ya kuwaka. Hapo ndipo kinapozishinda SSH na VNC, maana hizo zinahitaji mtandao uwe tayari umekubali. Kinasa picha kinakuonyesha hata Pi iliyokwama njiani na sababu ya kukwama.

Usidanganywe na maandishi ya 4K kwenye boksi lake. Piga hesabu: picha ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, kila nukta biti 24, mara 60 kwa sekunde, ni karibu biti bilioni 3 kwa sekunde. USB 2.0, ambayo vingi vya bei ya chini huitumia, inabeba biti milioni 480. Kwa hiyo picha lazima ibanwe, na kubana kunachukua muda. Utasogeza mausi na kishale kitakufuata nyuma kidogo, kama mtoto anayevutwa mkono sokoni. Mara nyingi 4K hiyo ni ya kinachoingia tu, kinachotoka ni kidogo zaidi. Na kumbuka kwamba HDMI inabeba picha na sauti. Kibodi na mausi bado utavihitaji vichomekwe kwenye Pi yenyewe, kibodi ya laptopu haitafika huko.

Ama kioo cha laptopu iliyokufa, hicho kinaweza kuwa skrini halisi ya Pi. Laptopu ikiungua bodi, kioo chake mara nyingi ni kizima. Fundi anakitoa, anasoma namba ya modeli iliyobandikwa mgongoni, kisha unaagiza bodi ya kukiendesha inayolingana na namba hiyo, yenye tundu la HDMI na chaja yake. Hiyo bodi ndiyo mwenye nyumba mpya wa kioo, na yeye anajua kusema karibu. Namba ndiyo kila kitu: vioo vya zamani hutumia njia iitwayo LVDS na vipya eDP, na bodi ya hiki haiendeshi kile. Nimeona mtu ameagiza kwa kupima inchi tu, akabaki na kioo cheusi na bodi isiyo na kazi. Usibomoe laptopu nzima kwa ajili ya hili, maana baada ya hapo haitakuwa na skrini yenyewe.

Jambo la umeme nalitaja kwa sababu huambatana na hili kila mara. Mtu akishaunganisha Pi na laptopu hutamani laptopu iilishe pia. Tundu la USB 2.0 la kawaida linatoa nusu ampea, la USB 3.0 karibu ampea 0.9. Pi 3 inashauriwa chaja ya ampea 2.5, Pi 4 ampea 3, Pi 5 ampea 5. Itawaka, ndiyo, halafu itazima ukiipa kazi, na kadi ya memori inaweza kuharibika kwa kuzimwazimwa hivyo. Tumia chaja yake.

Mpwa wangu alibaki na SSH. Bodi yake sasa iko nyuma ya sanduku la nguo, inapima joto la chumba kila dakika tano kwa ajili ya mradi wake, na yeye anaifungua kutoka kitandani. Ule waya wa dhahabu hakuurudisha dukani. Siku za mechi unatoka kwenye laptopu yake kwenda kwenye runinga ya ukumbi wa bweni, na hapo, ananiambia, picha inakuja papo hapo.